Meli ya gesi karibu na lango la bandari: tuifunge wapi?

*"Mamlaka yetu ya bandari imeniweka kwenye timu ya kupanga kituo cha kupokelea gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, LNG, kwa kutumia meli iliyofungwa gatini inayohifadhi kimiminika na kukigeuza kuwa gesi. Mshauri anapendekeza gati jipya nje kidogo ya lango la bandari, mita 180 kutoka njia ya meli za makontena. Anasema meli ya mita za ujazo 170,000 inatosha kutoa futi za ujazo milioni 500 za gesi kwa siku, na kwamba tukikodi meli mwaka huu, gesi itatoka ndani ya miezi 12. Wakazi wanaiita bomu linaloelea. Wavuvi wanasema maji baridi yataua samaki. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, mambo ya gesi siyajui. Eneo hilo linafaa? Nianzie wapi?"*

Ndugu, umeuliza mambo mengi kwa mara moja, lakini yote yananing'inia kwenye moja: mahali. Meli yenyewe, ambayo wenye kazi huiita FSRU, ndiyo sehemu rahisi ya mradi. Inakodishwa ikiwa tayari ina matangi, pampu na mitambo ya kugeuzia gesi. Kinachouweka mradi hai au kuuzamisha ni siku ambazo meli ya kuleta shehena itashindwa kufunga ubavuni mwake, na zaidi ya hapo, siku hizo zikija mfululizo zitafika ngapi. Nitakuonyesha kwa tarakimu, lakini tuanze na hofu ya wakazi, maana hiyo haisubiri.

LNG ni gesi asilia, sehemu kubwa methani, iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri za Selsiasi. Ikifika hapo inakuwa kimiminika na ujazo wake unapungua takriban mara 600. Haikugandamizwa kwa nguvu; shinikizo ndani ya matangi ni la juu kidogo tu kuliko la hewa ya kawaida. Kimiminika chenyewe hakiwaki. Kikimwagika baharini kinachemka kwa kasi, na mvuke wake unaweza kushika moto pale tu unapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Wingu la methani likiwaka mahali pa wazi, kwa kawaida huungua tu bila kulipuka kama baruti. Kwa hiyo neno "bomu" si sahihi. Lakini usiende kwa wakazi kuwaambia hakuna hatari, kwa sababu ipo na mtapoteza imani yao siku watakapoijua. Mvuke ukiwa bado baridi ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuingia kwenye mitaro na majengo, na ndani ya majengo kuwaka kwake ni jambo jingine kabisa. Kimiminika kingi kikimwagika majini na kushika moto, joto lake ni kali mno. Uchunguzi wa maabara ya Sandia ya Marekani, uliotolewa mwaka 2004, ulionyesha kwamba hata kwa mmwagiko mkubwa, madhara mazito kwa watu na mali yako ndani ya takriban mita 500, na yanapungua sana kupita mita 1,600. Chukua ramani, chora duara hizo mbili kuzunguka gati linalopendekezwa, kisha hesabu kilichomo: nyumba, shule, gati la abiria, matangi ya mafuta. Mchoro huo hauchukui nafasi ya tathmini rasmi ya hatari, ila utakuonyesha mapema kama unabishana na watu au na ramani.

Kuna hatari moja ambayo watu huisahau kwa kuangalia matangi tu. Ndani ya FSRU, pampu za shinikizo kubwa hukisukuma kimiminika hadi bari 80 au 100, yaani takriban mara 80 au 100 ya shinikizo la hewa ya kawaida, kinapita kwenye vibadilisha joto vinavyopashwa na maji ya bahari, kinatoka kikiwa gesi na kuingia kwenye bomba la kwenda nchi kavu kwa shinikizo hilohilo. Bomba hilo, vali zake na mikono inayoliunganisha na meli ndipo uvujaji wa kawaida unapotarajiwa zaidi. Jambo jingine: LNG ikimwagikia chuma cha kawaida cha sitaha, chuma hicho kinapoteza unyumbufu na kinaweza kupasuka kama kioo. Ndiyo maana utaona pazia la maji likitiririka ubavuni mwa meli wakati wote wa kupakua, chini ya mahali mabomba yanapounganishwa. Ukitembelea kituo na ukute shehena inapakuliwa bila pazia hilo, uliza kwa nini.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Futi za ujazo milioni 500 ni kama mita za ujazo milioni 14.2 za gesi. Gawanya kwa 600 upate kimiminika: takriban mita za ujazo 23,600 kila siku. Tangi halijazwi hadi juu kabisa, kikomo ni karibu asilimia 98.5, na chini lazima kibaki kiasi cha kulifanya tangi liendelee kuwa baridi na kuzilisha pampu. Tuseme kati ya zile 170,000, za kutumika ni 158,000. Ukiigawa hiyo kwa matumizi ya siku unapata karibu siku 7, na ripoti nyingi huishia hapo, zikiandika kwamba kituo kina akiba ya wiki nzima.

Hakina. Akiba ya wiki ipo dakika ile tu shehena imemalizika kupakuliwa. Fikiria meli inayoleta mita za ujazo 160,000. Kwa kupakua ubavu kwa ubavu kupitia mabomba yanayonyumbulika, chukua kasi ya mita za ujazo 6,000 kwa saa. Itahitaji saa 27 hivi. Ndani ya saa hizo FSRU inaendelea kutoa gesi, kwa hiyo inatumia kama 26,500. Nafasi inayotakiwa kuwa tupu meli inapoanza kupakua ni 160,000 kutoa 26,500, yaani 133,500. Toa hiyo kwenye 158,000: kimebaki 24,500. Kumbe meli inapofunga kwa wakati, kila kitu kikienda kama kilivyopangwa, mna akiba ya siku moja tu. Bahari ikichafuka siku hiyo kwa siku tatu, mitambo ya umeme inayotegemea gesi hiyo inazimika siku ya pili.

Usidhani kupunguza matumizi peke yake kutawaokoa. Mkitoa futi milioni 300 badala ya 500 na shehena ikabaki 160,000, akiba bado ni siku moja, kwa sababu mnatumia polepole wakati wa kupakua na hivyo shehena inadai nafasi kubwa zaidi kabla. Kinachobadilisha hali ni ukubwa wa shehena. Kwa shehena ya 135,000, akiba inapanda hadi karibu siku 2 kwa futi milioni 500, na siku 2.6 kwa futi milioni 300. Gharama yake ni safari nyingi zaidi kwa mwaka. Njia nyingine ni kuongeza meli ya pili ya kuhifadhia, au kuiacha meli ya shehena ianze kupakua mapema na isubiri nafasi huku mkilipa faini ya kuichelewesha.

Hiyo ya kusubiri ina mtego ambao mshauri wako akiujua utamtambua kuwa mtu wa kazi. Meli nyingi za LNG zina matangi ya utando, yaani yenye kuta za ndani nyembamba zinazoegemea mwili wa meli, na matangi hayo hayaruhusiwi kusafiri baharini yakiwa nusu nusu. Kwa kawaida kiwango kinatakiwa kiwe chini sana au kipite asilimia 70 hivi ya kimo cha tangi, kwa sababu kimiminika kilichojaa nusu husukasuka na kuzipiga kuta kwa nguvu inayoweza kuzivunja. Hali ya hewa ikiharibika katikati ya kupakua, nahodha anafukuzwa gatini na mawimbi, na wakati huohuo matangi yake yamo kwenye kiwango kilichokatazwa. Kwa hiyo uamuzi wa kuanza kupakua unahitaji utabiri wa kuaminika wa saa 36 au zaidi mbele, na saa za hali mbaya huwa nyingi kuliko zile za mawimbi yenyewe.

Ndiyo maana nakusihi mumdai mshauri orodha ya vipindi vya kutofungika, vikiwa vimepangwa kwa urefu. Siku 20 kwa mwaka zilizotawanyika moja moja mnaweza kuishi nazo. Siku 20 hizohizo zikiwemo 6 mfululizo zinakiua kituo chenye akiba ya siku moja. Wastani wa mwaka hauonyeshi tofauti hiyo.

Mawimbi ya kuogopa yanaweza kuwa madogo kwa macho. Mawimbi mafupi ya upepo huivunjia hasira zake meli kubwa bila kuitikisa sana. Mawimbi marefu yanayotoka mbali, yenye mwachano wa sekunde 12 hadi 16, yakiwa na kimo cha mita moja tu, yanaweza kuzifanya meli mbili zilizofungana ubavuni zicheze kila moja kivyake, kamba zikatike na mabomba yavutwe. Nje ya lango la bandari ndiko yaliko. Vilevile tagi, yaani boti za kuvutia meli, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zao kimo cha mawimbi kikipita mita moja na nusu, na rubani wa bandari, anayeiongoza meli kuingia, lazima aweze kuipanda. Kwa hiyo kikomo cha kufunga mara nyingi ni kidogo kuliko kikomo cha kubaki mmefunga.

Tuje kwenye zile mita 180. Muulize mshauri swali moja: zimepimwa kutoka wapi? Kama ni kutoka uso wa gati, basi FSRU inachukua mita 46, mipira mikubwa ya kukinga kati ya meli na meli inachukua 4, na meli ya shehena 48. Zinabaki mita 82 hadi njia ya makontena, mara moja kila wiki, tena wakati wenyewe wa kupakua. Meli kubwa ikipita karibu na iliyofungwa, inasukuma maji mbele yake na kuyanyonya ubavuni na nyuma. Iliyofungwa inavutwa mbele, kisha nyuma, kisha inanyonywa kuelekea njia. Nguvu hiyo inakua kwa mraba wa kasi: meli ikipunguza kutoka noti 8 (maili za baharini kwa saa) hadi 6, nguvu inashuka hadi asilimia 56 ya ile ya mwanzo. Inaongezeka pale kina kilichobaki chini ya meli ni kidogo, na inakuwa mbaya zaidi kamba zikiwa zimelegea kwa sababu maji yamepwa na hakuna aliyezikaza. Kwa mita 82 mimi nisingekubali bila uchambuzi kamili wa kamba kwa kila aina ya meli inayopita, kwa bamvua na kwa maji mafu. Na uchambuzi ukikubali kwa sharti la kasi, jiulizeni ni nani atakayeisimamia saa tisa za usiku.

Hapo pia kuna gharama ambayo bandari itaibeba. Kwa futi milioni 500 na shehena za 160,000 mtapokea meli 54 hivi kwa mwaka, yaani safari 108 ukihesabu kuingia na kutoka. Kila mara, bandari nyingi husimamisha meli nyingine kupita. Ikichukua saa mbili, ni saa 216 kwa mwaka ambazo makontena yanangoja. Hilo lizungumzwe na idara ya uendeshaji sasa, kabla mkataba haujawekwa saini.

Machaguo yenu ni yapi basi? Kuingia ndani ya bandari kunawapa utulivu wa maji, lakini kunawasogeza kwa watu na kula nafasi: meli za shehena zina urefu wa mita 290 hadi 300, zinazama mita 11.5 hadi 12.5, zinataka kina cha mita 14 au 15 maji yakipwa kabisa, na eneo la kugeuzia lenye kipenyo cha karibu mita 600. Tagi tatu au nne zenye nguvu ya kuvuta tani 60 hadi 80 kila moja. Kubaki nje na kujenga ukuta wa kuvunja mawimbi kunafaa kiufundi, ila ukuta wenyewe unaweza kuzidi bei ya vyote vingine. Kufunga kwenye boya baharini, meli ikajizungusha kufuata upepo na mkondo, kunaondoa gati na kelele za wakazi, na kuongeza siku za kushindwa kupakua. Bangladesh inatumia njia hiyo karibu na Moheshkhali. Mei 2024, wakati wa kimbunga Remal, chombo cha chuma kilichokatika kiliigonga mojawapo ya FSRU zake mbili. Ikalazimika kwenda Singapore kukarabatiwa na nchi ikakaa miezi kadhaa na upungufu wa gesi. Mahali ulipofunga hapakuulizi tu kama meli yako itahimili dhoruba. Panakuuliza pia ni vyombo gani vya wengine vitakatika na kuja juu yako.

Kwa maelezo uliyonipa, ningeanza kutafuta upande wa ndani wa lango, kwenye kona isiyopitwa na njia kuu, na ningelichukulia pendekezo la mshauri kuwa chaguo la pili hadi vipimo vithibitishe vinginevyo. Klaipėda, Lithuania, FSRU iitwayo Independence, ya mita za ujazo 170,000 kama yenu, imefungwa ndani ya maji yaliyokingwa tangu mwaka 2014.

Wavuvi wana hoja, ingawa si ile wanayoisema. Kwa kiwango chenu, kukipasha kimiminika kunahitaji joto la takriban megawati 90. Maji ya bahari yakiruhusiwa kupoa kwa nyuzi 7, mtavuta karibu mita za ujazo 11,500 kwa saa na kuyarudisha baharini. Ubaridi wenyewe hupotea haraka pale mkondo ni mzuri. Mwongozo wa IFC, shirika la fedha la kundi la Benki ya Dunia, unataka tofauti isizidi nyuzi 3 mwishoni mwa eneo la kuchanganyika. Kinachodhuru zaidi ni mayai na samaki wachanga wanaonyonywa na pampu, na klorini inayotengenezwa kwa umeme kutokana na maji ya chumvi ili kome na mwani visizibe mabomba. Mabaki ya klorini yawe chini ya miligramu 0.2 kwa lita yanapotoka, na vipimo vyake vitangazwe hadharani, maana huko Wilhelmshaven, Ujerumani, penye kituo kama hiki, hilo lilizua ubishi mkubwa. Mnaweza kukwepa maji ya bahari kwa kuchoma sehemu ya gesi kupasha maji yanayozunguka ndani. Mtapoteza kati ya asilimia 1.5 na 2.5 ya gesi yote, kila siku, na moshi wake. Kosa la kawaida hapa ni la upande wenu, wahandisi wa ujenzi: maji baridi ni mazito, yanazama na kutambaa chini, na gati likiwa kwenye kona yenye mkondo dhaifu yanarudi kwenye mdomo wa kuvutia. Mitambo inapokea maji yaliyokwisha kupoa, uwezo unashuka, na hakuna anayejua kwa nini.

Kuhusu miezi 12: Wilhelmshaven walianza ujenzi wa gati Mei 2022 na kuzindua tarehe 17 Desemba mwaka huohuo. Hadithi hiyo hutajwa kila mahali. Lakini walikuwa na gati la zamani la kuanzia, bomba la kilomita 26 tu hadi mtandao mkubwa uliokuwepo, sheria maalumu iliyofupisha vibali, na serikali iliyolipa bila kusita. Ninyi gati hamna. Msimu wa kupima mawimbi, vibali, kuchimba kina, nguzo, bomba na kulijaribu kwa maji: miaka mitatu ni ahadi ya heshima zaidi. Na msianze kulipa kodi ya meli kabla bomba halijafika, kwa sababu LNG iliyo ndani ya meli inayokaa bila kutoa gesi inaendelea kuchemka. Kwa asilimia 0.15 ya ujazo kwa siku, tangi lililojaa hutoa mvuke sawa na futi milioni 5 za gesi kila siku, nao lazima utumike au uchomwe. Hali hiyohiyo huja mteja wenu mkubwa akizima mtambo ghafla; mkataba wa gesi uwe na kiwango cha chini cha kuchukua.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyatatua, wala la mtu mwingine yeyote asiyefika hapo. Uchambuzi wa kamba na mawimbi, mashimo ya kupima udongo chini ya nguzo, na tathmini ya hatari inayofuata viwango vya kimataifa vya vituo vya LNG, ISO 28460 na ISO 20257, vinahitaji wataalamu waliofika mahali penyewe. Marubani wenu wa bandari na manahodha wa tagi waingizwe kwenye kifaa cha kuigiza uongozaji wa meli kabla ya eneo kuchaguliwa, wapewe upepo mbaya na injini iliyozimika, na wakisema hapana, hapana yao iandikwe kwenye ripoti. Ukiona mshauri anakataa hilo, au anatumia mawimbi ya kompyuta peke yake bila kipimo cha baharini, simamisha malipo na tafuta jicho la pili.

Kazi ya wiki hii ni ndogo na rahisi: agiza kipima mawimbi na mkondo kiwekwe chini ya bahari mahali pawili, nje ya lango na ndani yake, kikae mwaka mzima. Kila mwezi mnaochelewa kukiweka unaisogeza mbele tarehe ya mwisho kwa mwezi uleule, kwani misimu haiharakishwi.